Safari Ipangwe kwa Mwendo wa Aliye Nyuma

Katika mkutano wa mwisho wa Chama chetu cha Baisikeli tulibishana sana juu ya safari ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha. Wengi walitaka twende siku ya sikukuu, tuizunguke mbuga yote mpaka Olkaria, kisha tushuke korongoni, yote kwa siku moja. Nilipopinga nikaitwa mwoga. Naomba nafasi nijieleze.

Mwaka jana mimi ndiye niliyepanga njia. Nilipima ramani kwa uzi, nikahesabu saa kwa mwendo wangu mwenyewe. Tulifika langoni saa nne, siku ya Jumamosi. Watu walikuwa tele, na baisikeli nzuri za kukodi zilikuwa zimekwisha. Sisi wenye nguvu tulitangulia, magari yakitupita na kutufunika vumbi. Tulipohesabiana kule korongoni tulikuwa kumi na mmoja, na tuliondoka kumi na wawili.

Tulirudi mbio. Tulimkuta kijana wa Kidato cha Kwanza ameketi kando ya njia, mnyororo umekatika, na nyati watatu wamesimama si mbali naye. Hakulia wala hakulaumu. Alisema tu, "Nilijua mtanirudia." Maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi.

Hell's Gate si mbuga kubwa. Ni kama kilomita 68 za mraba, nayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kupita kwa baisikeli kati ya twiga, ngiri na punda milia. Kwa sababu hiyo watu hujaa humo siku za mapumziko. Kutoka Lango la Elsa mpaka korongoni ni kama kilomita nane. Mwenye nguvu huziona chache, lakini mchanga na jua la adhuhuri huzirefusha kwa mdogo.

Tena korongo lenyewe si la kuchezea. Mvua ikinyesha mbali, maji huja ghafla mahali penye jua. Yaliua watu Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Basi tusitegemee kalenda peke yake. Tumsikilize kiongozi wa mahali, na akisema hapana, turudi bila kunung'unika.

Shauri langu ni hili. Twende siku ya kazi wakati wa likizo, tulale Naivasha, tuwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Tuende mpaka korongoni na kurudi, Olkaria tuiache kwa siku nyingine. Mdogo atangulie, naye aweke mwendo. Fundi mwenye mnyororo wa akiba awe wa mwisho. Na tuhesabiane kwenye Mnara wa Fischer, kwenda na kurudi.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, mmoja wenu akikubali kufuatana nasi tutashukuru.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kama huu ni woga, basi mimi ni mwoga, lakini safari hii nataka turudi kumi na wawili.

Mwanachama, Kidato cha Tatu