Kazi ya Mungu haina makosa, ya daktari inayo

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya turubai kwenye msiba wa jirani, mama wa watoto watatu aliyefariki baada ya upasuaji ambao wengine hufanyiwa kila siku wakatoka salama. Mhubiri akasimama, akatuasa tusitafute mchawi wala kuwanyooshea madaktari vidole, maana siku yake ilikuwa imefika na kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Kazi ya Mungu haina makosa, sibishi. Lakini kumpasua mtu tumbo ni kazi ya binadamu mwenye kisu mkononi, aliyesomea na anayelipwa mshahara. Hiyo ina makosa, na makosa yana mwenyewe.

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mmoja wao alifariki. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, madaktari walimfungua fuvu mtu asiyehitaji kupasuliwa, wakahangaika kwa saa kadhaa kutafuta donge la damu lililokuwa kichwani mwa mgonjwa mwingine. Mhubiri anijibu: hapo Mungu ndiye aliyechanganya majina?

Kisha aende Ifakara. Shirika la Afya Duniani liliijaribu karatasi moja yenye vipengele 19 katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni huo huo Ifakara wetu. Karatasi inasema: kabla ya dawa ya usingizi, hakikisheni huyu ni nani na anapasuliwa wapi, kabla hajatolewa, hesabuni vifaa na pamba. Matokeo yalitolewa Januari 2009. Kwa hospitali zote zile kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Watu waliulizana maswali, na vifo vikapungua karibu nusu. Kama kila anayekufa hospitalini siku yake imefika, karatasi imeziahirishaje siku za watu?

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Binti wa shangazi yangu alijifungua salama usiku, akaanza kuvuja damu. Kitenge cha kwanza kikalowa, cha pili kikalowa. Mama yake akamwita nesi mara tatu, akaambiwa damu ya uzazi ni kawaida. Saa 10 usiku akakata roho. Asubuhi faili lake lilikuwa wazi juu ya meza, nikalisoma. Presha ilikuwa imejazwa kila saa, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja: 120/80, 120/80, 120/80. Ya saa 11 alfajiri nayo ilikuwepo, 120/80. Saa 11 tulikuwa tumeshamfunga kidevu kwa kitambaa.

Tuliporudi kuliomba faili lile tukaambiwa halionekani, njooni kesho. Kesho hiyo haijafika. Na wazee wa ukoo wakatutuliza kwa maneno yale yale ya mhubiri.

Wapo wanaosema kesi haimfufui marehemu. Hoja gani hii? Gari la mtu likigongwa, anamsubiri trafiki aje na futi apime barabara, na wala hamwambii kuwa ni mapenzi ya Mungu. Bampa linapimwa, mzazi aliyevuja damu hapimwi!

Na msidhani maneno haya yanawasaidia madaktari. Yanamfaa bosi aliyeacha wodi nzima ya wazazi mikononi mwa nesi mmoja usiku kucha. Daktari kijana aliyeona kosa anabaki njia panda: akiwaambia ndugu ukweli anaogopa kupoteza kazi, akinyamaza anavunja kiapo chake. Mwema na mzembe tunawafunika shuka moja. Wakati huo huo wakubwa wetu wakiumwa wanapanda ndege kwenda kutibiwa nje; kwao siku haifiki mpaka wamepata daktari wa tatu.

Tunajua kujipanga tukitaka. Mtu akifa, ndani ya saa moja tuna kamati ya mazishi, mweka hazina, turubai, viti na mpishi wa pilau. Hatuna hata mmoja wa kwenda hospitali kuuliza amekufa kwa nini.

Basi, ndugu msomaji, kwenye msiba ujao ongeza mtu mmoja katika kamati. Kazi yake iwe kuomba kwa maandishi taarifa ya matibabu ya marehemu, na kuandika majina na saa kabla watu hawajasahau. Mkiona dalili za uzembe, Baraza la Madaktari Tanganyika linapokea malalamiko. Mkitaka kwenda mahakamani, muwahi, kwa sababu madai yana ukomo, na hospitali ikiwa ya serikali lazima notisi ya siku 90 itangulie. Mwombeeni marehemu, kisha mkaulize. Kuuliza si kumkufuru Mungu.