Waranti ya Maisha: Maisha ya Nani?

Leo naongelea bunduki, ila msikimbie. Siongelei vita wala majambazi. Naongelea kitu ambacho kila mmoja wetu kimeshamuuma: huduma kwa wateja. Yaani mtu Marekani kanunua bunduki dukani kwa hela yake halali, kafika nyumbani, bunduki mbovu. Anampigia nani simu?

Najua kuna mtu ataanza: "Wewe umemaliza kidato cha nne juzi, upo Mbagala, bunduki za Wamarekani zinakuhusu nini?" Vumilia kidogo.

Mwaka jana nilinunua simu mjini. Boksi limeandikwa waranti mwaka mmoja, muuzaji kapiga na muhuri. Wiki ya tano ikagoma kuchaji. Nikarudi. Jamaa akaigeuza geuza, akaniambia "dogo, umeiingiza maji hii." Simu haijawahi kuona hata umande! Nyuma yake ukutani kuna lile tangazo mnalolijua wote: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikaondoka nimenywea.

Basi nikamsimulia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye yupo Columbus, Ohio miaka mingi na ana makaratasi yote ya kuishi kule. Anaendesha teksi usiku na ana bastola ya kujilinda, kaipata kwa mkono wa pili kwa bei chee. Akacheka sana. Akaniambia bastola yake ilianza kukwama, anapiga risasi moja ya pili haipandi. Akapiga simu kiwandani. Hawakumuuliza risiti. Hawakumuuliza kama yeye ndiye mnunuzi wa kwanza. Walichukua namba iliyogongwa kwenye chuma, wakamtumia lebo ya kubandika kwenye boksi, akaituma. Baada ya wiki tatu ikarudi na springi mpya na kikaratasi cha kueleza walichofanya. Gharama? Sifuri.

"Dogo," akaniambia, "huku bunduki ina waranti ya maisha."

Mi nikabaki mdomo wazi. Simu ya laki mbili na nusu haina mtetezi, bastola ya mtumba ina waranti ya maisha! Ndo nikaanza kusoma, kila nikipata hela ya kafe nasoma. Na nilichokikuta ndio nataka niwape leo, maana mwanzo nilimuonea kaka wivu, sasa hivi sina uhakika kama namuonea.

Kwanza tuwape haki yao. Kaka hakudanganya. Kuna kampuni kama Hi-Point, bastola zao ni za watu wa kipato cha chini na wapenda silaha wanazicheka kwa ubaya wa sura, lakini wanatengeneza bure maisha yote hata kama umeinunua kwa mtu. Sheria ya serikali kuu kule inamruhusu mwenye silaha kuituma moja kwa moja kwa mtengenezaji na mtengenezaji kumrudishia, bila kupitia duka lenye leseni. Ruger nao walitengeneza bastola za mzunguko mwaka 1953 hadi 1972 ambazo zikidondoka zinaweza kulipuka. Kuanzia 1982 wakatangaza kwamba mwenye nayo aitume, watamwekea kifaa cha usalama bure. Bunduki ya zaidi ya miaka 50, bure!

Lakini hao hao Ruger wana kituko. Hawatoi waranti ya maandishi KABISA. Na wanakueleza kwa nini. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria kwamba kampuni ikitoa waranti ya maandishi lazima iseme kama ni kamili au ina mipaka, na ikiwa kamili kuna masharti ya kutimiza. Ruger wakaona hayo masharti ya nini, wakaamua wasiandike chochote. Ukiwa na tatizo wanakutengenezea, ila hawajaandika popote kwamba ni lazima.

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Kumbe kutengenezewa ni kitu kimoja, na kuwa na HAKI ya kutengenezewa ni kitu kingine.

Sasa shikeni hii. Marekani ina tume ya usalama wa bidhaa, ilianzishwa kwa sheria ya 1972. Tosta ikiunguza watu, tume inaweza kuiambia kampuni irudishe tosta zote. Kitanda cha mtoto, vivyo hivyo. Midoli, vivyo hivyo. Lakini sheria iliyoanzisha tume hiyo iliziacha nje bunduki na risasi, na mwaka 1976 Bunge likakazia tena kwamba tume isiguse. Kwa hiyo hakuna ofisi ya serikali yenye mamlaka ya kukiambia kiwanda "bunduki yako mbovu, zirudishe zote." HAMNA.

Mnadhani natia chumvi? Oktoba 2001 tume hiyo iliishtaki kampuni ya Daisy kwa sababu ya bunduki za upepo, zile za kutunguulia ndege, ikisema kigololi kinaweza kubaki ndani mtu akadhani imeisha. Zilikuwa zaidi ya milioni 7. Kesi ikaisha 2003 kwa makubaliano. Yaani bunduki ya kigololi serikali inaweza kuipeleka mahakamani. Bunduki yenyewe ya kuua nyati, serikali inakaa pembeni.

Kwa hiyo anayeamua kama bunduki ni mbovu ni nani? Ni yule aliyeiuza. Ni kama jamaa wa simu yangu awe muuzaji, fundi na hakimu kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa Remington. Kampuni ya tangu 1816, bunduki yao ya Model 700 ilitoka 1962 na ikawa moja ya bunduki za uwindaji zinazouzwa sana Marekani. Ndani yake kulikuwa na triga iliyobuniwa na mhandisi wao, Mike Walker. Huyo huyo Walker, mwaka 1948, kabla Model 700 haijazaliwa, alikuwa ameshapendekeza marekebisho ya triga yake mwenyewe. Gharama yake kwa kila bunduki: senti tano na nusu. Hayakufanyika. Hii ilionyeshwa kwenye nyaraka za kampuni ambazo televisheni ya CNBC ilizitoa 2010.

Wateja wakaanza kulalamika kwamba bunduki inalipuka bila kugusa triga, mwingine anatoa tu kizuizi cha usalama, paa! Wanaandika barua, wanatuma bunduki kiwandani. Huduma ikafanyika, ikapokelewa, ikakaguliwa, na wengi wakarudishiwa na jibu kwamba kiwanda hakikuweza kuliona tatizo hilo. Umeliona hilo jibu? Ni "umeiingiza maji" ya Kizungu.

Kumbukumbu za ndani za 1979 zinaonyesha walikaa wakapiga hesabu. Bunduki kama milioni 2 ziko mikononi mwa watu, kama asilimia 1 ndizo zinaweza kufanya hivyo. Wakaona haifai kukusanya milioni 2 ili kupata elfu 20. Mwaka 1994 raia waliokaa kusikiliza kesi Texas walimpa mtu aliyepoteza mguu dola milioni 17. Bado bunduki zote hazikuitwa. Mwaka 2000, Montana, mtoto wa miaka 9 akafa. Mama yake alikuwa anataka kutoa risasi kwenye bunduki baada ya kuwinda, akaachia kizuizi cha usalama, ikalipuka. Baba yake ndiye aliyetumia miaka kukusanya nyaraka. Remington muda wote wamesema triga haina kasoro.

Mwisho ikaja suluhu ya kesi ya pamoja, iliyopitishwa na mahakama 2017: bunduki kama milioni 7.5, mwenye nayo aombe abadilishiwe triga bure au apewe kitu kidogo kulingana na aina. Wakati hakimu anaipitisha, mnajua walioomba walikuwa wangapi? Kama elfu 22. Haifiki hata nusu ya asilimia moja. Nyingine ziko chini ya vitanda, kwenye makabati ya mababu, zimerithiwa, zimeuzwa. Mwisho wa kuomba ulikuwa Aprili 2020. Julai 2020 Remington wakafilisika kwa mara ya pili ndani ya miaka mitatu, wakauzwa vipande vipande. Biashara ya bunduki akachukua mmoja, risasi mwingine, na chapa ya Marlin wakachukua Ruger, ambao wamesema hawahudumii Marlin zilizotengenezwa kabla yao. Kiwanda cha zamani pale Ilion, New York kikafungwa 2024.

Sasa jiulize. Waranti ya maisha... maisha ya NANI? Ya mteja? Ya bunduki? Jibu ni maisha ya kampuni. Bunduki ikitunzwa inaishi miaka mia, kampuni inaweza kufa kabla yake, na ahadi inazikwa nayo.

Mtasema hayo ya zamani. Haya, njoo kwenye SIG Sauer P320. Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola hiyo kuwa ya askari wake. Jeshi lina mafundi wa kujaribu, na kwenye majaribio ya kuidondosha iligundulika inaweza kulipuka. Kampuni ikaweka vipande vyepesi kwenye triga ikarekebisha. Hiyo imo kwenye ripoti ya ofisi ya majaribio ya Pentagon ya 2018. Raia je? Agosti 2017, baada ya watu binafsi kuidondosha mbele ya kamera na polisi wa Dallas kusimamisha matumizi yake, kampuni ikatangaza "uboreshaji wa hiari". Tuma bastola, tutakuboreshea bure. Angalieni lugha hiyo wadau. Sio "irudisheni, ina kasoro". Ni "ukipenda, tukuboreshee".

Baada ya hapo wamekuja watu wakidai hata iliyoboreshwa inalipuka yenyewe kwenye mfuko wa kiunoni. Kampuni inakataa katakata, inasema hailipuki bila triga kuvutwa. Mwaka 2024 raia wa kusikiliza kesi Georgia walimpa mlalamikaji dola milioni 2.35, na Philadelphia wakampa mwingine milioni 11. Mei 2025 jimbo la New Hampshire, nyumbani kwa kampuni hiyo, likapitisha sheria ya kuwakinga watengenezaji wasishtakiwe kwa sababu tu bunduki haina vitu fulani, kikiwemo kizuizi cha usalama cha nje.

Lakini niwe mkweli, maana mkinikamata nimeegemea upande mmoja mtanisema. Julai 2025 mwanajeshi wa anga alikufa kwenye kambi ya Wyoming, ikasemekana bastola ya aina hiyo imelipuka yenyewe. Silaha zikasimamishwa. Baadaye mwanajeshi mwenzake akakamatwa, pamoja na mambo mengine kwa tuhuma za kutoa maelezo ya uongo, ukaguzi ukafanyika na bastola zikarudi kazini Agosti. Kwa hiyo sio kila anayesema "imelipuka yenyewe" anasema kweli.

Na hilo ndilo linalonipa nguvu zaidi. Jeshi liliweza kusimamisha, kukagua na kutoa jibu kwa sababu jeshi lina mamlaka juu ya silaha zake. Raia hana refa wa hivyo. Kampuni inasema bunduki nzima, wakili wa mlalamikaji anasema mbovu, kila kesi inaamuliwa kivyake, jimbo hili hivi, jimbo lile vile. Hata kampuni kama haina kosa, hamna wa kuisafisha akaaminika. Bila refa wote wanaumia.

Mimi nilidhani ukarimu wa kaka kutengenezewa bastola bure ni dalili ya nguvu ya mteja. Sasa naona tofauti. Kampuni ikikutengenezea wewe mmoja, kimyakimya, kwa springi ya senti chache, wewe unafurahi, unawasifia kwa watu, na jirani yako mwenye bunduki ile ile hajui kitu. Kampuni ikiita bunduki zote, inakiri. Huduma nzuri inaweza kuwa wema wa kweli, na mara nyingi ni wema wa kweli. Ila inaweza pia kuwa ndiyo njia rahisi ya kufanya watu milioni saba wasizungumze.

Nilimwandikia kaka haya yote. Akakaa kimya siku mbili. Halafu akajibu: "Dogo, umenifanya niitazame. Ile karatasi waliyonirudishia imeandikwa wamebadilisha springi na kipande kingine ambacho sikuwaambia kina shida. Sasa mi najiuliza walijuaje."

Sina jibu la kumpa. Labda fundi mwenye bidii tu, kaona kipande kimechakaa. Labda wanajua kitu. Tatizo ni kwamba kaka hana ofisi yoyote ya kwenda kuuliza, zaidi ya namba ile ile ya simu ya huduma kwa wateja, ambayo inapokelewa na dada mwenye sauti tamu na heshima zote.

Na mimi na simu yangu? Huku kwetu angalau kuna Tume ya Ushindani, sheria yake ni ya 2003, na inasikiliza malalamiko ya walaji. Sikuwahi kwenda. Nilisoma tangazo la ukutani nikaamini ni sheria. Wiki ijayo naenda na boksi langu na muhuri wake.

Nawasilisha. Wewe ungechagua kipi: muuzaji mkarimu asiye na wa kumbana, au muuzaji mkorofi ambaye kuna mahali pa kumshtaki? Tupieni maoni hapo chini, ila kwa hoja, matusi nafuta.