Jina la mti pekee halitoshi

Kuna wenzetu wanaodhani kwamba utafiti wa dawa za miti ni kazi ya watu wa famasia na kemia, sisi wa lugha tubaki na ngeli zetu. Mimi sikubali.

Tuchukue mubirizi, ule mti mchungu tunaoujua huku Kivu. Wanasayansi wanauita Vernonia amygdalina. Majani yake yana kemikali chungu, kama venolidi, ambazo maabarani zimezuia baadhi ya bakteria kukua. Yana pia luteolini, mojawapo ya antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia oksijeni kali isiharibu seli.

Mwaka 1987, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde na Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akitafuna tawi la mti huu. Seifu aliutambua mara moja: ni mjonso, dawa ya Watongwe. Kesho yake sokwe alipata nafuu. Mwaka 1989 wawili hao walitoa makala pamoja. Jina la Kitongwe lilitangulia, maabara ikafuata.

Lakini tutazame vitenzi. Sokwe yule hakula majani. Alimenya tawi, akatupa maganda na majani, akafyonza maji ya ndani. Baadaye ilibainika kwamba venodalini, kemikali kali inayoweza kudhuru, imejaa zaidi katika majani na maganda kuliko ndani ya tawi. Kwa hiyo kusema "mubirizi ni dawa" hakujasema kitu. Sehemu gani? Inatafunwa, inachemshwa au inalowekwa? Maji ya moto, maji baridi na pombe havitoi kemikali zilezile. Mama akisema "loweka" na mtafiti akaandika "chemsha", maabara itapima dawa nyingine kabisa.

Napendekeza tunaosoma msamiati tukusanye majina ya miti pamoja na sehemu zake, vitenzi, vipimo na makatazo, katika Mashi, Kilega, Kifuliiru na Kiswahili chetu. Na aliyetufundisha, akikubali, atajwe kama Seifu alivyotajwa.

Bakteria kufa katika kisahani cha maabara si mgonjwa kupona. Hilo tuwaachie madaktari walipime. Lakini swali la kwanza, "mnaitumiaje?", huulizwa kwa lugha ya mzee na hujibiwa kwa lugha yake. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.