Fahali wa Picasso na Mgeni Rasmi

Kwenye maonyesho ya uchoraji, mgeni rasmi alitusubirisha hadi barafu ikayeyuka kwenye soda. Alipofika, akasimama mbele ya picha kubwa ya samawati na manjano, akacheka kwenye maikrofoni, kisha akawaasa wasanii wetu wachore vitu vinavyoeleweka, kwani huku kupakapaka rangi ni kimbilio la wasiojua kuchora. Ukumbi mzima makofi. Niliondoka kabla ya sambusa, na mimi si mtu wa kuacha sambusa.

Imani hii imenichosha. Eti mchoraji huacha uhalisia pale mkono unapomshinda! Huwezi kupunguza usichokuwa nacho. Desemba 1945, Picasso aliingia karakana ya mchapaji Mourlot, Paris, akachora fahali. Alipomrudia akamnenepesha, dume la kupeleka mnada wa Pugu. Ndipo akaanza kumpunguza: kivuli kikatoka, nyama ikatoka, mwili ukagawanywa kwa mistari, mistari nayo ikachujwa. Ilipofika Januari 1946, kwenye mchoro wa 11, ilibaki mistari michache na kichwa kidogo mno. Na bado ni fahali, uzito wake wote upo. Asiyejua bega la ng'ombe linapokaa angepata wapi ule mstari mmoja unaolibeba?

Tena hata njia yenyewe si ya kwenda bila kurudi. Kiangazi cha 1921, huko Fontainebleau, Picasso huyohuyo alichora wanamuziki watatu waliokatwakatwa pembe pembe, na pia wanawake watatu kwenye chemchemi, wamejaa, wazito, kila kidole mahali pake. Sasa mkono ulimshinda asubuhi ukapona jioni? Mondrian naye, anayejulikana kwa miraba yake ya nyekundu, buluu na manjano, alichora miti kwanza: mwekundu, kisha wa kijivu mwaka 1911, kisha mtofaa wenye maua 1912, kila mmoja ukizidi kuvuliwa umbo.

Watasema, “Hata mwanangu wa chekechea anaweza hivyo.” Hongera, mzazi. Mlete, tumpe fahali mzima aanze kuondoa, tuone atakapokoma. Wa kwangu hukoma mama yake anapoita chakula.

Halafu nenda kwenye hoteli zetu. Mmasai na jua linalozama, tembo na Kilimanjaro, Mmasai tena, ukuta hadi ukuta. Hizo ndizo “zinazoeleweka”, na bei yake ingelipa ada ya shule. Shule zenyewe zinaona somo la kuchora ni la kupotezea muda, halafu tunashangaa watu wazima hawajui kutazama picha.

Na hao waliopiga makofi, sebuleni kwao wametundika chui wa Tingatinga: mwili ubavu, uso mbele, madoa yamepangwa kama vifungo vya shati. Edward Tingatinga alifariki 1972, na hadi leo sijamsikia mgeni rasmi yeyote akilalamika kwamba chui yule hafanani na wa Mikumi.