Lubumbashi: Mboga za bustani ya shule ni chakula, lakini udongo upimwe kwanza

Mvua ikianza mjini Lubumbashi, kila kipande cha ardhi kinapata mwenyewe. Watu wanalima nyuma ya nyumba, kando ya barabara, kandokando ya mito na kwenye viwanja vya shule. Lengalenga inakuwa tayari kwa mwezi mmoja hivi, matembele yanafunika udongo, na mama wa nyumba anapata kitoweo cha bukari bila kwenda soko. Kwa shule yenye watoto wanaosoma na njaa, bustani ni wazo zuri: wanafunzi wanajifunza kulima, kisha mboga zinagawanywa. Lakini Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba. Hapa, kabla ya kuuliza mbegu gani ipandwe, inafaa kuuliza ndani ya udongo kuna nini.

Swali hili limepata uzito mpya tangu Novemba 4, 2025, wakati maji machafu kutoka kwenye kiwanda cha kampuni ya CDM yalipomwagika na kuingia katika mitaa inayokaliwa na watu. Siku chache baadaye waziri wa madini, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3. Wakaaji waliona kwa macho jambo ambalo watafiti wamekuwa wakilisema kwa miaka mingi: uchafu wa viwanda haubaki ndani ya kuta za viwanda. Unafika mitoni, visimani, na kwenye matuta ya mboga.

Kwa nini shule zinataka bustani

Sababu zinajulikana na kila mzazi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza neno hilo, na mamilioni ya watoto wakaingia darasani kote nchini. Darasa zilijaa, lakini sahani haikufuata. Shule nyingi za serikali mjini hazina kantini. Mtoto anatoka nyumbani asubuhi bila kula na anarudi hivyo hivyo.

Nyumbani nako hali si nyepesi. Haut-Katanga inategemea sana mahindi na unga kutoka Zambia. Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, hadi serikali ya huko ikatangaza janga la kitaifa, jikoni za Lubumbashi zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuumia. Unga ukipanda bei, familia inapunguza kwanza kitoweo. Ndiyo maana fungu moja la lengalenga kutoka shuleni lina maana kubwa kuliko linavyoonekana.

Lakini hesabu iwe ya kweli. Tuseme shule ina wanafunzi 800 na matuta 20, na kila tuta linatoa mafungu 20 kwa mvuno mmoja. Hayo ni mafungu 400, yaani nusu fungu kwa kila mtoto, tena mara moja kwa mwezi. Bustani haiwezi kuchukua nafasi ya kantini. Inaweza kuongeza majani kwenye bukari, kufundisha kilimo, na kusaidia zile familia zilizo na shida zaidi. Hiyo si kazi ndogo, na viongozi wasiwaahidi wazazi zaidi ya hapo.

Udongo una kumbukumbu

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, chini ya Union Minière, ambayo baadaye ilitaifishwa na kuwa Gécamines. Mkoa wenyewe uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Kwa miaka mingi, moshi wa lile bomba refu ulibeba gesi ya salfa na chembe za metali. Upepo wa kusini-mashariki ulizisukuma kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga, ambako miti ilikufa na ardhi ikabaki uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya majaribio hapo ya kurudisha majani juu ya udongo uliojaa shaba.

Habari hizo hazikuishia kwenye ardhi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa Katanga. Watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Tafiti zilizofuata zilionyesha njia mbili kubwa: chakula kilicholimwa mahali penye uchafu, na vumbi ambalo watoto wanalimeza wakicheza. Mwaka 2013 watafiti wa Lubumbashi waliopima mboga za majani kwenye masoko ya mji walikuta metali zilizopita viwango vinavyokubalika.

Kwa mtoto, hatari ni kubwa kuliko kwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na madhara yake yanaonekana katika kujifunza. Ingekuwa ajabu kubwa ikiwa shule, mahali pa kujenga akili, ingekuwa ndiyo inayogawa kitu cha kuipunguza.

Hapa ndipo kugawana kunapobadilisha uzito wa jambo. Mzazi anayelima nyuma ya nyumba yake anahatarisha familia moja. Bustani ya shule inapeleka mboga za udongo mmoja katika nyumba nyingi, tena chini ya jina la shule, ambalo watu wanaliamini. Udongo ukiwa mzuri, faida inaenea. Ukiwa mbaya, hasara inaenea vilevile.

Yanayowezekana

Haya yote hayana maana kwamba shule za Lubumbashi ziache majembe. Mji ni mkubwa, na mitaa mingi iko mbali na bomba na mabwawa ya uchafu. Kinachotakiwa ni kujua, na kujua kunawezekana.

Kila mtu aliyekwenda kwenye madepo ya madini anakijua chombo kinachoitwa Metorex. Mnunuzi anakielekeza kwenye mawe ya mchimbaji, na kwa muda mfupi kinasema kiasi cha shaba. Vyombo vya aina hiyo vinaweza pia kutoa picha ya kwanza ya shaba na risasi katika udongo. Kwa kobalti na kadimiamu kipimo cha maabara kinabaki cha lazima, lakini Lubumbashi ina kitivo cha kilimo, ina wataalamu wa udongo, na ina viwanda vyenye maabara zao. Mji unaopima mawe kila siku ili kupanga bei hauwezi kusema umeshindwa kupima udongo wa watoto.

Hata macho yanaweza kusaidia. Kuna mmea mdogo wa Katanga, Haumaniastrum katangense, unaostawi kwenye udongo wenye shaba nyingi. Wanajiolojia na wataalamu wa mambo ya kale waliutumia kutafuta shaba na mahali palipoyeyushiwa shaba zamani. Mwalimu anayeuona umejaa uwanjani ana sababu ya kusimamisha jembe. Lakini asipouona, asidhani kwamba udongo ni safi. Kipimo bado kinahitajika.

Pale ambapo kipimo kinaonyesha uchafu kidogo, kuna njia za kupunguza hatari. Chokaa cha kilimo kinapunguza uchachu wa udongo, na metali nyingi zinakuwa ngumu kupanda kwenye mizizi. Mbolea ya mifugo na ya majani yaliyooza inasaidia pia. Mboga za matunda, kama nyanya, biringanya na bamia, kwa kawaida zinabeba metali kidogo kuliko za majani. Matuta yaliyoinuliwa, au magunia yaliyojazwa udongo uliopimwa kutoka nje ya mji, yanatenga mizizi na ardhi ya chini. Kuosha majani vizuri kunaondoa vumbi lililo juu, ila hakuondoi kilichoingia kupitia mizizi. Na pale ambapo kipimo ni kibaya sana, jibu ni moja: watoto wasilime hapo, na uwanja ufunikwe ili vumbi lisiruke.

Nani alipe

Gharama hii isirudi kwa wazazi. Wengi wao wanakumbuka vizuri michango ya shule iliyokuwapo kabla ya 2019, na bustani isiwe mlango wa kuirudisha.

Pesa zipo katika sheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zinazochimba kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi zao. Ushuru wa madini nao unagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la utawala ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Komini isiyo na mgodi haipati ile 15, hata kama vumbi linaifikia. Hapo sehemu ya jimbo ndiyo inayopaswa kufanya kazi. Kupima viwanja vya shule ni kazi ndogo ikilinganishwa na majengo ambayo viongozi wanapenda kuyafungua kwa kukata utepe, na hakuna kizazi kijacho kilicho karibu kuliko kile kilicho darasani leo.

Matokeo yasifungiwe katika kabati. Yabandikwe kwenye ukuta wa shule, kwa Kiswahili, ili mzazi asome mwenyewe. Kifungu cha 53 cha katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na haki hiyo inaanza na habari.

Mboga ni za nani

Linabaki jambo la pili, ambalo wazazi wa Congo wanalizungumza kwa sauti ya chini. Wengi walisoma wakati ambapo "kazi ya mikono" ilikuwa na maana ya kulima shamba la mwalimu, na mavuno hawakuyaona. Sheria nambari 09/001 ya Januari 10, 2009 inamlinda mtoto asinyonywe kwa kazi. Ili bustani isirudi kwenye tabia ile ya zamani, kamati ya wazazi iandike tangu mwanzo nani anapata nini: kiasi gani kinapelekwa nyumbani na wanafunzi kwa zamu, kiasi gani kinakwenda kwa familia zenye shida, na kiasi gani kinauzwa kununua mbegu. Iandike pia nani atamwagilia Julai na Agosti, wakati shule zimefungwa na mvua haipo, na maji yatoke kisima gani. Kisima nacho kipimwe.

Mvua zinazofuata zitakapofika, shule zitashika majembe kwa ruhusa au bila ruhusa, kwa sababu njaa haingoji barua ya wizara. Muda wa kupima ni huu wa kati, ardhi ikiwa kavu. Jimbo likianza na shule zilizo karibu na viwanda, mabwawa ya uchafu na mitaa iliyofikiwa na maji ya Novemba 2025, litakuwa limeanza mahali panapofaa. Baada ya hapo mzazi anayepokea fungu la lengalenga mkononi mwa mtoto wake atajua kilichomo ndani yake, na atalipika bila wasiwasi.