Sauti yafichua umri wa zege la tanuri

SERIKALI ilipoweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, hoja ilikuwa viwanda vya humu nchini vijichomee malighafi hiyo ya saruji. Lakini tanuri likizimika ghafla, hakuna tozo itakayoziba pengo hilo.

Klinka huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Tanuri lenyewe hukingwa ndani kwa matofali maalumu, ila kwenye kipozeo, mdomo wa tanuri na bomba la kichomeo humwagwa zege linalostahimili joto. Adui wa zege hili si moto peke yake. Kila tanuri linapozimwa na kuwashwa upya, badiliko la ghafla la joto huacha nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Kinga ikibomoka, bamba la chuma huwa jekundu, na msimamizi hana budi kuzima mitambo.

Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole; kikilia vyema hulipa, kikitoa mlio uliofifia hukirudisha. Wahandisi nao hufanya vivyo hivyo, japo kwa vifaa ghali. Kipande cha zege hupashwa moto, kikapozwa ghafla, mara nyingi majini, kisha mawimbi ya sauti isiyosikika na binadamu hupitishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyufa zikizidi, mawimbi hulazimika kuzizunguka na hivyo huchelewa. Zoezi hilo likirudiwa mara kadhaa, kiwango ambacho kasi inashuka hudokeza iwapo zege litadumu au litasambaratika mapema, bila kipande chenyewe kuvunjwa.

Hata hivyo, kipimo hiki kinaweza kuhadaa. Maji yaliyojaa vinyweleoni huongeza kasi ya mawimbi, hivyo kipande kisipokaushwa huonekana kizima kuliko kilivyo. Aidha, kasi moja haisemi lolote pasipo ile iliyopimwa zege lilipokuwa jipya. Maabara pia haina klinka inayokwaruza kuta usiku na mchana.

Pamoja na dosari hizo, mnunuzi anayedai matokeo ya kipimo hiki kabla ya kutia saini mkataba ana hoja kuliko yule anayelinganisha bei ya mifuko pekee. Kinga ikishabomoka, mafundi hawawezi kuingia kuikarabati hadi tanuri lipoe, na muda wote huo hakuna klinka inayotoka.