TUSIMKATE MSHAHARA MWENDESHA MASHINE, KOSA NI LETU

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi tunakutana pale ghalani, na moja ya ajenda ni kumkata mshahara kijana wetu anayeendesha mashine ya kufungashia unga, ati kwa sababu ameiharibu. Mimi napinga. Naomba nieleze sababu zangu mapema, ili kila atakayenyoosha mkono siku hiyo anyooshe akijua anaamua nini.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Upepo uliangusha nguzo Ijumaa usiku, tukakaa gizani mpaka Jumapili jioni. Umeme uliporudi, kinu cha kusaga kilinguruma kama kawaida, lakini mashine ya kufungashia ilikaa kimya. Taa ya umeme inawaka, mashine haisogei, na unga umejaa. Wako waliosema umeme umerudi kwa kishindo ukaiunguza. Wako waliosema kijana kagusa asichokijua. Na wako waliosema mengine ambayo mimi sitayaandika ukutani.

Fundi wa mjini alipokuja hakubahatisha. Alianza na fyuzi, akakuta nzima. Akapima umeme unaoingia kwenye kidhibiti, akapata volti 24 kama inavyotakiwa. Akatazama swichi ndogo ya kuendesha na kusimamisha, iko mahali pake. Kisha akatuonyesha taa nyekundu ya hitilafu, na kando yake taa ya njano ya betri. Akaichomoa betri akaipima: ilitakiwa iwe na volti 3.6, ikaonyesha chini ya 2. Akaunganisha kompyuta yake, na mle ndani ya kidhibiti hakukuta programu. Tupu kama gunia lililokung'utwa! Kumbe mashine haikuungua. Ilisahau kazi yake.

Ndugu zangu, kidhibiti hicho, ambacho mafundi hukiita PLC, ndicho ubongo wa mashine. Programu yake ndiyo inayokiambia: mwaga unga, kilo ikitimia funga, choma mdomo wa mfuko, kata, leta mwingine. Vifaa hivi vilianzia Marekani. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati ya rilei, maana kila walipobadili kazi ya kiwanda ilibidi wafunge nyaya upya. Dick Morley na wenzake wakatengeneza chombo kilichoitwa Modicon 084. Miaka iliyofuata, vidhibiti vingi viliwekewa kumbukumbu ambayo haiishi bila umeme. Ndiyo maana vikapewa betri ndogo ya lithiamu, ili umeme wa nguzo ukikatika betri iishike ile programu. Vipya vingi huhifadhi programu hata bila betri. Lakini mashine yetu tuliinunua imekwisha kutumika, na kidhibiti chake ni cha zamani.

Sasa nani kakosa? Fungueni daftari la mashine. Kijana aliandika kwa mkono wake kwamba taa ya njano inawaka, akaomba betri. Aliandika mara mbili. Ombi likafika kwenye kamati, nasi tukalifuta tukisema mashine bado inafanya kazi, fedha iende kwenye magunia. Mimi nilikuwemo, na kalamu iliyofuta ni yangu. Betri ile, kwa bei aliyotutajia fundi, haifiki thamani ya gunia moja la mahindi. Leo tumekaa siku 9 bila kufungasha, na mteja wetu wa mjini kanunua kwingine.

Tena kuna jambo ambalo sikulijua. Betri hii huchoka zaidi wakati umeme umezimwa, maana hapo ndipo inapofanya kazi. Sisi baada ya msimu tulizima swichi kubwa miezi mizima tukijisifu kwamba tunabana matumizi. Kumbe tulikuwa tunaila betri. Joto la lile chumba la bati nalo halikuisaidia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliosoma kisomo ukubwani tunajua faida ya kuandika: ulichokishika kichwani tu, siku ya homa hukioni. Programu ile ilikuwa kichwani mwa mashine peke yake. Hatukuwa na nakala, na aliyetuuzia hakutupa, wala sisi hatukumwuliza. Bahati njema fundi amempata mtu aliyeihudumia mashine hiyo zamani, na nakala anayo. Asingeipata, programu ingebidi iandikwe upya toka mwanzo, na hiyo ni gharama ya kutuumiza.

Kwa hiyo, badala ya kumkata mtu mshahara, nashauri mkutano uamue haya:

1. Betri ibadilishwe kwa tarehe, si kwa msiba. Nyingi hudumu miaka 2 mpaka 5. Tarehe iandikwe kwenye mlango wa kabati, na nyingine mpya iwepo akiba.

2. Ibadilishwe na fundi anayejua kitabu cha mashine. Vidhibiti vingi hutaka betri ibadilishwe umeme ukiwa umewashwa. Ukizima ukachomoa ovyo, unaweza kuifuta programu kwa mkono wako mwenyewe.

3. Nakala ya programu ikae sehemu tatu: kwenye flashi ofisini, kwa fundi, na iliyochapwa kwenye karatasi. Kila programu ikibadilishwa, nakala zote zibadilishwe.

4. Vipimo vya uzito, joto la kuchoma mifuko na muda viandikwe daftarini. Mara nyingine programu hubaki, vipimo ndivyo hupotea, na unga ukatoka pungufu.

5. Umeme ukikatika tena, tufuate utaratibu wa fundi: fyuzi, volti, swichi, taa, betri, ndipo programu. Betri ikiwa nzima na programu imepotea, tumwite akague waya wa ardhini na kinga ya radi.

6. Programu ikisharudishwa, mashine ijaribiwe kwanza bila unga, na mtu yeyote asiweke mkono karibu na kisu.

Najua wako watakaosema kijana angepiga kelele zaidi. Jamani, mtu kaandika mara mbili, mlitaka apige ngoma? Tukimwadhibu aliyesema kweli, kesho mwingine akiona taa ya njano atanyamaza, na hasara ijayo itakuwa kubwa kuliko hii. Kama lazima mtu alipe betri, nianzieni mimi katika posho yangu ya kikao.

Mwenye hoja nyingine aiandike na kuibandika hapa chini, tuisome wote kabla ya Jumamosi.

Ni mimi ndugu yenu,
Katibu